Amri Isiyosikilizwa Barazani

Atokaye Tunduma, akaipa kisogo barabara kuu iendayo Zambia na kushika njia ya kaskazini-magharibi, hushuka kidogo kidogo kutoka katika nyanda za baridi hata akafika Msangano, kata ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, nchi ya joto iliyolala baina ya nyanda za Mbozi na nyanda za Ufipa, katika bonde ambalo wataalamu wa miamba hulihesabu kuwa tawi la bonde kuu la ufa la Rukwa. Maji ya nchi hii hukusanywa na mto Momba, yakapita Kamsamba na Mkulwe hata yakamwagika katika Ziwa Rukwa. Na katika wilaya hiyo hiyo ipo Ivuna, ambako watu wamekuwa wakichemsha chumvi tangu karne ya 13 hivi, na kwa ajili ya chumvi hiyo njia za miguu zililipasua bonde hili kabla ya kuwapo gari wala mpaka. Wenyeji wake wengi ni Wanyamwanga, kabila ambalo mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliligawa pande mbili bila ya kuliuliza, hata ndugu wakajikuta mmoja ni raia wa Kaisari na mwingine yuko chini ya bendera ya Malkia, hali mahari na mazishi yao yakiendelea kuvuka mpaka kama yalivyokuwa siku zote.

Nataka kuieleza nchi hii kwa habari moja tu katika habari zake nyingi: jinsi Mkristo wake alivyopata kuijua sheria ya Mungu, na jinsi alivyoshindana na dhambi akiwa chini ya sheria hiyo. Aghalabu habari za makanisa yetu huandikwa kwa kuhesabu waliobatizwa na majengo yaliyoezekwa, na hesabu hizo zina faida yake. Lakini mimi naona kwamba habari yenye uzito zaidi imo katika daftari la baraza la wazee, yaani ni dhambi zipi zilizoandikwa humo mwaka baada ya mwaka, na ni ipi ambayo haikupata kuandikwa kamwe.

Ni dhuluma kusema kwamba watu hawa hawakuwa na sheria kabla ya kuja wamisionari. Walikuwa na miiko ya ndoa na ya mazishi, walikuwa na hukumu za machifu, na walisadiki kwamba kosa la mmoja laweza kuwapata wengi, mvua ikazuiliwa au mtoto mchanga akadhoofu kwa sababu ya jambo lililotendwa gizani na mtu mzima ambaye mwenyewe haugui. Fauka ya hayo, watu wa ukanda huu walijua jambo ambalo wageni wao walichukua muda mrefu kulifahamu, nalo ni kwamba dhambi yenye kuua zaidi haionekani kwa macho. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey aliwachunguza Wanyakyusa, jirani wa nchi hii, kati ya mwaka 1934 na 1938, ameeleza kwa urefu jinsi hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu ilivyohesabiwa kuwa chanzo cha maradhi, na jinsi jamaa walivyotakiwa kuitamka hasira hiyo mbele ya wenzao kabla ya tambiko kuwa na nguvu, kila mtu akitaja lililomuudhi, kisha wakapuliza maji kutoka vinywani mwao kuwa alama ya kwamba wameyatoa yaliyokuwamo. Aliyepiga kelele hakuogopwa; aliyeogopwa ni yule aliyenyamaza huku moyo wake ukichemka. Sisemi kwamba tambiko hilo lilikuwa toba ya Kikristo, maana ndani yake mlikuwa na hofu ya wafu na hapakuwa na msamaha wa Mungu aliye hai. Nasema tu kwamba lilikuwa baraza la moyo, na kwamba lilipoondolewa ilipasa liwekwe jingine mahali pake.

Dini ya Kikristo ililizunguka bonde hili kwa pande tatu. Kusini, ng'ambo ya mpaka, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890, kwanza kwa mkono wa Alexander Dewar na baadaye kwa mkono wa daktari James Chisholm, karibu na ile njia iliyoitwa kwa jina la Stevenson iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Na ni kwa Waskoti hao aliposoma Mnyamwanga Donald Siwale, mwalimu ambaye mwaka 1912 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha ustawi cha Mwenzo, pamoja na David Kaunda, baba wa rais wa kwanza wa Zambia. Mashariki walikuwako Wamoravian wa Herrnhut, waliofika Rungwe mwaka 1891, wakasonga mbele hata Utengule mwaka 1895 na Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899. Kaskazini, penye mto Momba, Mapadre Weupe walijenga Mkulwe, na mmoja wao, Padre Hamberger, alichapisha mwaka 1909 uchunguzi wa makini juu ya dini na desturi za watu wa hapo, ishara ya kwamba si kila mgeni alikuja akiwa amekwisha kukata shauri juu ya wenyeji wake.

Kwa Waskoti, ambao imani yao ilikuwa imeandikwa kwa taratibu kubwa katika Ungamo la Westminster la mwaka 1647, sheria ya Mungu haikuwa imekoma kwa mwenye kuamini. Walifundisha kwamba haimhesabii haki wala haimhukumu tena, lakini inabaki kuwa mwongozo wa maisha yake na kioo cha unajisi wa nafsi yake. Mafundisho hayo ni mazito na ni ya kweli, wala sina neno la kuyapinga. Lakini mafundisho yanapovuka bahari hushuka kwanza yale yanayoweza kuhesabiwa. Mwenye kutaka ubatizo aliingia darasa la wasikilizaji, akatoka humo akaingia darasa la wanafunzi wa ubatizo, akakaa miaka miwili au zaidi, akajifunza amri 10, akaulizwa habari za mwenendo wake. Na alipokwisha kubatizwa alikuwa chini ya macho ya baraza la wazee, ambalo lilikuwa na mamlaka ya kumzuia asishiriki Chakula cha Bwana mpaka atubu. Wamoravian nao walikuwa na kanuni zao, hasa kwa wale waliojenga nyumba katika ardhi ya misheni, ambao walikubali masharti ya kituo kama vile mtu akubalivyo masharti ya jumbe anayempa kiwanja.

Na yatazamwe kwa karibu mashauri mawili ya kawaida, maana ndani yake mna siri ya habari yote. La kwanza ni la pombe. Katika nchi hii ulezi ulilimwa kwa kukata matawi ya miti, kuyakusanya na kuyachoma, kazi ambayo nyumba moja haiiwezi peke yake. Kwa hiyo mwenye shamba alitangaza siku, mkewe akaloweka ulezi, akauotesha, akauanika na kuusaga, akapika, na siku ilipofika majirani walikata na kulima tangu alfajiri, hata jua lilipopinda wakaketi kuuzunguka mtungi. Aliyekatazwa pombe, basi, hakukatazwa ulevi peke yake. Alikatazwa kualika na kualikwa. Mbele ya wazee wa kanisa mtu huyo aliulizwa kama alikunywa, akasema alionja. Akaulizwa kama mkewe alipika, akasema alipikia wafanya kazi. Na katibu akaandika. Hakuna aliyemwuliza kama katika siku hiyo alimnyima jirani fukara sehemu yake, au kama alikwenda kwenye shamba la mwenzake akiwa na moyo wa kijicho kwa sababu ulezi wa mwenzake ulikuwa umestawi.

La pili ni la mjane. Ndugu mkubwa amefariki, ameacha mke na watoto watatu, na ukoo umekaa ukampa ndugu mdogo, ambaye tayari ana mke na ni mwanafunzi wa ubatizo. Akimkubali mjane, mlango wa ubatizo umefungwa. Akimkataa, mjane na wanawe hawana wa kuwalimia wala wa kuwasemea, na ukoo utamwita mtu asiye na huruma kwa damu ya nduguye. Kanisa lilimwambia kwamba jambo la kwanza ni dhambi. Juu ya jambo la pili halikumwambia neno, na wengi walirudi nyumbani kwao wakiwa wameitimiza sheria na dhamiri zao zimejeruhiwa.

Hapo ndipo jina la Traugott Bachmann linapokuwa na thamani kubwa katika historia ya dini ya nyanda hizi. Mmoravian huyu, aliyezaliwa mwaka 1865, alianzisha Mbozi na kukaa huko hata Vita Kuu vya Kwanza vikamng'oa mwaka 1916. Alianza kama walivyoanza wenzake, akiwa mtoa sheria na mwamuzi, akiamini kwamba kazi yake ni kuwaondoa watu katika desturi zao na kuwatia katika desturi njema. Lakini alikuwa na sikio. Alijifunza Kinyiha kwa bidii iliyopita ya wengi, akaandika hadithi za watu, akaketi na wazee. Na kadiri alivyosikia ndivyo alivyozidi kuona kwamba mengi aliyoyaita dhambi yalikuwa ni utaratibu wa kutunza wajane, wagonjwa na mayatima, na kwamba kanuni alizozileta zilikuwa zimemtengenezea watu wenye kutii machoni pake na kujificha mgongoni pake. Akaiacha fimbo ya mtoa sheria. Akafikia rai ya kwamba kanuni za kanisa sharti zitoke kwa Wakristo wenyewe, walioguswa na Neno katika lugha yao. Na akafikia hatua ambayo wamisionari wengi wa zama zake waliiona kuwa haramu, ya kuwapokea katika ubatizo watu waliokuwa wameoa wake wengi kabla ya kuamini. Mwaka 1912 alichapisha Herrnhut risala ya kuitetea njia yake, na mwaka 1913 Agano Jipya lote lilipigwa chapa kwa Kinyiha, tafsiri yake.

Mtu hawezi kuutia Waraka kwa Warumi katika lugha nyingine bila ya kukaa usiku mwingi na sura ya saba. Humo Mtume anajieleza kama mtu anayelijua lililo jema, anayelipenda, na asiyelitenda. Anayelichukia ovu na kujikuta mkono wake ukilitenda. Naam, kwa karne nyingi wanavyuoni wa Kikristo wamebishana ni nani asemaye hapo. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, alidhani hapo kwanza kwamba Paulo anaeleza hali ya mtu asiyepata neema. Lakini alipokuwa mzee, katika ubishi wake na wafuasi wa Pelagio, waliosema kwamba mwanadamu akitaka kweli anaweza kuitimiza sheria, aliikana rai yake ya zamani na kukiri kwamba asemaye ni Mtume mwenyewe, aliyeokoka, na kwamba mapigano hayo hayaishi hata mtu aingie kaburini. Kila Mkristo wa Msangano aliyewahi kutoka Chakula cha Bwana akiwa na furaha, na kabla ya Jumatano akajikuta anamtakia nduguye shari, anaijua hoja ya Augustino, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Lakini kuna jambo katika sura hiyo ambalo naona halikuzingatiwa vya kutosha katika mabaraza yetu. Mtume alipotaka kutaja amri moja iliyomfumbua macho, hakutaja kuua, wala kuzini, wala kuiba, ingawa hizo ndizo zinazowajaza watu mahakamani. Alitaja ile ya mwisho katika zile 10, inayokataza kutamani. Na hiyo ndiyo amri ambayo hakuna baraza duniani linaloweza kuisikiliza, kwa kuwa haina shahidi. Mlevi huonekana njiani, mwenye wake wawili hujulikana kwa vibanda vyake, bali mwenye husuda huketi kanisani benchi la mbele, hulipa ahadi yake, huimba sauti ya tatu, na nafsi yake inaliwa na mafanikio ya jirani. Baraza la wazee likaandika pombe na ndoa, pombe na ndoa, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa na mashahidi. Na dhambi ambayo wenyeji wenyewe waliihesabu kuwa mama wa mauti, ile waliyoiogopa kwa jina la uchawi, ikabaki bila ya daktari. Wamisionari wengi waliwaambia watu kwamba uchawi haupo. Huenda walisema kweli kuhusu dawa na tunguri. Lakini chuki ambayo watu waliiona nyuma ya dawa hizo ilikuwapo, na inaua hata pasipo dawa.

Haki inanidai niseme kwamba waliokuwa Mkulwe walikuwa na kitubio, ambamo mtu huweza kuinong'ona husuda yake katika sikio la padre na kuondoka na maondoleo. Na Wamoravian nao walikuwa wametoka kwao na hazina iliyo karibu na hiyo. Katika Herrnhut, mji uliojengwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani katika ardhi ya bwana Zinzendorf, ilikuwa desturi kwamba kabla ya kila Chakula cha Bwana kila mshiriki azungumze peke yake na kiongozi wake juu ya hali ya nafsi yake, si kwa kuhojiwa makosa bali kwa kuulizwa anasimama vipi na Mwokozi wake na ndugu zake. Na mazungumzo hayo Wamoravian waliyachukua kila walipokwenda kuhubiri, toka visiwa vya Karibi hata Afrika. Zinzendorf mwenyewe alikuwa adui wa utakatifu wa kujihesabia. Mwezi Septemba 1741, katika bustani moja mjini London, alibishana kwa Kilatini na John Wesley, yule Mwingereza ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amepashwa moyo joto katika mkutano wa Aldersgate aliposikia ukisomwa utangulizi wa Luther juu ya Warumi. Wesley alishika kwamba mwenye kuamini hukua katika utakatifu ulio wake kweli. Zinzendorf akashika kwamba utakatifu wa Mkristo wote pia umo katika Kristo, na kwamba mtu hana wake wa kujivunia hata mwisho wa maisha yake. Mimi nadhani Wesley alikuwa na haki ya kuogopa uvivu, na Zinzendorf alikuwa na haki ya kuogopa kiburi. Ila Afrika ya nyanda za juu, kwa maoni yangu, ilihitaji mno kumsikia Zinzendorf, kwa sababu watu walikwisha kuchoshwa na sheria zisizo na tumaini.

Hazina hiyo ya mazungumzo haikudumu. Penye washiriki 20 mchungaji anaweza kumkalisha kila mmoja kivulini na kumsikiliza. Penye mamia, mazungumzo huwa ni kuitwa majina, na swali la moyo hugeuka kuwa swali la mchango. Kisha vikaja vita. Wajerumani wakaondolewa, na makanisa ya Mbozi na Rungwe yakawekwa chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia hata wenyewe waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Na Waskoti walikuwa na msimamo wao juu ya wenye wake wengi, ambao haukufanana na ule wa Bachmann. Mkristo wa mpakani akaona kwa macho yake kwamba jambo lililoruhusiwa juzi na mtumishi mmoja wa Mungu limekatazwa leo na mtumishi mwingine wa Mungu huyo huyo. Ni mtihani mkubwa kwa dhamiri changa.

Si ajabu, basi, kwamba katika miaka hiyo hiyo waliinuka wahubiri wengine. Mwishoni mwa vita na mwaka 1919, mafundisho ya Watch Tower, yaliyoletwa na watu waliorudi kutoka kazini Rhodesia ya Kusini, yaliwasha moto katika vijiji vya Wanyamwanga na Wamambwe, na mhubiri aliyevuma zaidi alikuwa Hanoc Sindano. Walikesha wakiomba kwa sauti, walizamishwa mtoni, walikataa kuwatii machifu na mabwana shauri wakisema kwamba ufalme mpya u karibu. Serikali ikawakamata watu zaidi ya 100, na mafundisho hayo hayo yakavuka mpaka yakaingia Tanganyika. Vitabu vingi huyaeleza kuwa ni uasi wa kisiasa, na sehemu hiyo ipo. Lakini yaliahidi pia jambo ambalo darasa la wanafunzi wa ubatizo halikuliahidi: kwamba mtu angezama na dhambi zake akatoka bila yake, mara moja, na kijiji kizima kikawa safi. Katika miaka ya 1920 likaja pia kanisa la Jordan Msumba, lililojiita la mwisho la Mungu na la Kristo wake, na baada yake Kanisa la Kiafrika la Taifa, lililoanzishwa na watu waliotengwa na Livingstonia. Yote mawili yalifika Rungwe, na yote mawili yaliwapokea wenye wake wengi, yakisema kwamba sharti la mke mmoja limewafungia nje maelfu ya watu ambao Mungu hakuwafungia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, na habari yao inatisha. Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliingia nchi ya Walala, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1925 akibatiza, na ubatizo wake ukawa kipimo cha kuwatambua wachawi: aliyeonekana hakuzama vizuri alihesabiwa kuwa mchawi, akauawa majini. Serikali ilimnyonga mwaka 1926. Katika miaka ya 1930 wakazunguka vijana wa mchape na chupa zao za dawa, wakinywesha vijiji vizima ili mchawi asiweze kurudia kazi yake. Mwaka 1953 akatokea Chinsali Alice Lenshina, aliyelelewa karibu na misheni ya Lubwa, na kanisa lake la Lumpa likavuta makundi makubwa kwa kuwataka watu walete hirizi zao na kuziacha. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Ufipa, nyanda zinazolielekea bonde la Msangano, wakazuka wasaka wachawi walioitwa kamchape, waliochunguzwa na Roy Willis. Ukiziweka habari hizi pamoja utaona kwamba ni swali moja linalorudiwa kila kizazi: nani atatuondolea chuki iliyo kati yetu? Kanisa lilikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilikuwa limekwisha kupigwa chapa kwa Kinyiha tangu 1913. Bali baraza lake lilikuwa linashughulika na mitungi.

Kati ya waliotangulia, yupo mmoja ambaye nampenda kuliko wote. Mwaka 1914 Livingstonia iliweka wakfu wachungaji wake wa kwanza Waafrika, watatu, na mmoja wao alikuwa Jonathan Chirwa, mtu wa Ungoni, aliyeheshimika. Haikupita miaka mingi akaanguka katika uzinzi. Hakungoja kushtakiwa: alikwenda mwenyewe akakiri, akavuliwa uchungaji aliokuwa ameungoja nusu ya maisha yake, akaketi pamoja na waumini wa kawaida. Kundi lake halikumsahau. Lilimwombea arudishwe, na baada ya miaka kadhaa akarudishwa, akachunga tena, na nyimbo zake zikaimbwa na watu ambao walijua vyema zilitoka katika kinywa cha mtu wa namna gani. Sheria ilifanya kazi yake juu ya Chirwa bila ya kupunguzwa hata nukta. Lakini sheria haikumtoa kinywani lile neno la kukiri, kwa kuwa angeweza kunyamaza na hakuna baraza ambalo lingemjua. Aliyemtoa lile neno ni Yule ambaye Chirwa aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kupoteza kanzu. Wachungaji wa leo wanaojadili kama mshiriki aliyeanguka awekwe chini ya marudi miezi sita au mwaka wangefanya vema kuichunguza habari yake.

Siku hizi katika Tunduma na vijiji vilivyo nyuma yake hapakosekani mhubiri mwenye maji ya upako na mafuta ya upako, awaambiaye watu kwamba umaskini wao umetokana na shangazi fulani au jirani fulani. Na katika nyanda za kusini-magharibi wale wasaka wachawi waitwao lambalamba bado huitwa na wanakijiji kwa mchango wa fedha, hata serikali iwapige marufuku. Watu hawa wote hufanya kazi ya namna moja: humwonyesha mwenye hofu dhambi ya mwenzake. Hapo ndipo wanapoachana na sura ya saba ya Warumi, ambamo msemaji hamtaji jirani hata mara moja, wala haombi aonyeshwe adui yake, bali analia juu ya nafsi yake na kutafuta wa kumwokoa.

Nimewasikia wazee wa kanisa wakisema kwamba mambo ya moyo tumwachie Mungu, na sisi tushughulike na yanayoonekana. Nawaelewa, maana wamechoka, na mashauri ya ndoa hayaishi; lakini neno hilo silikubali. Ushirika wa Herrnhut haukuwa na hakimu wa moyo, ulikuwa na mtu wa kuuzungumza naye. Ndugu wa uamsho walioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 hawakuwa na hakimu pia, nao waliweza kusimama mbele ya wenzao na kutaja chuki na kijicho kwa majina yake, mtumishi mbele ya bwana wake na mke mbele ya mumewe, wakasameheana. Msangano si nchi ngeni kwa jambo hilo, kwa sababu mababu wa ukanda huu walijua kuketi na kuitamka hasira kabla haijaua. Wiki moja kabla ya Chakula cha Bwana inatosha kwa mzee mmoja kuzitembelea nyumba 10 za mtaa wake, jioni, watu wakiwa wamerudi shamba, na kuwauliza kila mmoja peke yake, bila ya kalamu mkononi: je, yupo mtu ambaye hukufurahi alipofanikiwa?